Seva Kuganda Kwenye Joto la Doha

Julai mjini Doha joto hupita nyuzi 40, na bado seva huganda. Si ajabu. Kuganda hakujawahi kuhitaji baridi: damu huganda kidondani, maziwa huganda kibuyuni, mtoto humganda mama yake sokoni. Kitenzi kimebeba kukwama na kushikamana, ndiyo maana mafundi wamekichukua bila kuiomba kamusi ruhusa.

Na Qatar seva zipo: Microsoft ilifungua vituo vyake vya data huko mwaka 2022, Google ikafuata 2023. Seva ikiganda, si lazima fundi aende kuibonyeza. Seva nyingi zina kikompyuta cha pembeni, chenye njia yake ya mtandao, kinachobaki macho hata mashine kubwa ikizimika. Hicho huamriwa kukata umeme na kuurudisha.

Kitendo hicho wengine hukiita “kuanzisha upya”. “Kuzima na kuwasha” ni afadhali, ndicho kinachotokea.

Njia ya pembeni nayo hukatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilipopotea mtandaoni, wahandisi walilazimika kwenda vituoni wenyewe, na ulinzi mkali wa majengo yao ukawachelewesha kuzifikia mashine.