Mtihani na Aliyeshindwa: Kisa cha Hong Xiuquan

Kwa muda wa miaka ipatayo 1,300, hadi ulipofutwa mwaka 1905, mtihani wa serikali ulikuwa mojawapo ya njia kuu za kupata cheo katika China. Watahiniwa walikariri maandiko ya Confucius na wafuasi wake, kisha wakaandika insha kwa kanuni zisizopinda. Mfumo huu ulikuwa na sifa yake, maana hata mwana wa mkulima aliweza kuinuliwa. Lakini waliofaulu walikuwa wachache mno, na aliyeshindwa alirudi nyumbani na aibu ya ukoo mzima.

Hong Xiuquan alizaliwa mwaka 1814 katika familia ya wakulima Wahakka, jimbo la Guangdong. Alishindwa mtihani huko Guangzhou mara nne. Aliposhindwa mwaka 1837 aliugua sana, akaona maono. Mwaka 1843, baada ya kushindwa kwa mara ya mwisho, alisoma kwa makini kijitabu cha mwinjilisti Liang Fa, alichokuwa amepewa miaka kadhaa kabla, akaamini kwamba yeye ni mdogo wake Yesu. Mwaka 1847 alijifunza kwa muda mfupi kwa mmisionari Issachar Roberts, ambaye hakumbatiza. Mwaka 1851 alitangaza Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu, na mwaka 1853 majeshi yake yaliteka Nanjing. Mji huo ulipoanguka mwaka 1864, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 20 au zaidi walikuwa wamekufa.

Si haki kudai kwamba mtihani peke yake ulizaa vita hivyo. Umaskini, uhasama kati ya Wahakka na majirani zao, na udhaifu wa serikali baada ya Vita vya Kasumba vilichangia pia. Hata hivyo, jambo moja latupasa kulitafakari: huko Nanjing watawala wapya walianzisha mitihani yao wenyewe, na maswali yakatolewa katika Biblia. Aliyejeruhiwa na kipimo hakukiacha. Alibadili kitabu tu.

Sisi tunaowahoji vijana wa kipaimara na kusahihisha karatasi za wanachuo tusikimbilie kumcheka Hong. Mtihani hauna budi kuwepo, kwa kuwa mchungaji asiyejua Maandiko ni hatari kwa kundi. Lakini matokeo yanapobandikwa ukutani, kazi yetu ya uchungaji haijaisha. Yuko mmoja ambaye jina lake halimo. Ni nani kati yetu atakayekwenda kwake jioni ile?