Kuni za Nyambizi Zilitoka Katanga

Mkazi wa Karagwe au Kyerwa ukimwambia kwamba nyambizi zinamhusu atacheka, maana bahari iko mbali naye kiasi cha kilometa elfu moja. Lakini aliyeona bati la Kyerwa likichukuliwa kwenda ng'ambo tangu enzi ya Waingereza anajua jinsi jiwe linavyoondoka kijijini bila kuaga.

Nyambizi za zamani, zikiwa chini ya maji, zilitembea kwa betri mfano wa zile za gari, ila kubwa mno. Betri zikiisha, chombo hakikuwa na budi kupanda juu kuwasha injini za dizeli na kuzichaji, na huko juu adui alikuwa akisubiri.

Wengi hudhani siku hizi zinatumia betri za nyuklia. Betri hizo zipo kweli. Vyombo vya anga vya Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, kila kimoja kilipewa tatu. Lakini zote tatu, zikiwa mpya, hazikufikisha wati 500. Hata pasi ya umeme (ya mkaa tuiache) zisingeitosha. Nyambizi hubeba tanuri hasa: joto la urani huchemsha maji, mvuke ukazungusha pangaboi. Nautilus ya Marekani ilianza safari kwa nguvu hiyo tarehe 17 Januari, 1955, ikaenda maili zaidi ya 60,000 kabla ya kubadilishiwa urani.

Elimu ya tanuri hilo ilikuzwa na mradi wa bomu la atomu, na urani nyingi ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kwa jirani zetu wasemao Kiswahili. Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière, alikwishapeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe yake New York mwaka 1940. Septemba 1942 Luteni Kanali Kenneth Nichols akayanunua kwa niaba ya jeshi la Marekani.

Wakongo walioyachimba na kuyapakia hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Siri ya vita naielewa. Kumficha mchimbaji habari za mionzi, hilo silielewi.

Mgodi ulifungwa karibu na uhuru wa mwaka 1960. Baadaye wananchi walirudi na sururu kutafuta kobalti. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku, lakini baadaye mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu. Kyerwa nako sururu ndizo zingali zikichimba bati.