HISTORIA YA TEZI DUME, SEHEMU YA 3: Ugonjwa uko kwenye tezi, kwa nini daktari anataka kutoa korodani?



Leo naingia kwenye swali ambalo wodini naulizwa kwa sauti ya chini. Mzee ameambiwa ana saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa, na daktari bingwa amependekeza operesheni ya kutoa korodani. Mke anashtuka, watoto wanatazamana, mzee anasema bora afe kuliko kuhasiwa kama maksai. Wanaondoka na faili lao. Wakirudi baada ya miezi kadhaa, mzee analetwa kwa kiti cha magurudumu, maana ugonjwa umebana uti wa mgongo.

Basi tujue wazo hili lilitoka wapi. Halikutoka kichwani mwa daktari wenu.

Na kweli lilianzia kwa wanyama. Mwaka 1786 daktari mpasuaji wa London, John Hunter, aliandika kwamba mnyama aliyehasiwa tezi dume yake huwa ndogo, imesinyaa. Miaka zaidi ya 100 baadaye, huko Philadelphia, Marekani, daktari J. William White akajiuliza: wazee wanaobanwa mkojo kwa sababu tezi imevimba, tukiwatoa korodani si itanywea? Mwaka 1895 alitoa taarifa ya wanaume 111 waliofanyiwa hivyo. Baadhi walipona, wengine walikufa. Njia ile ikaachwa, kwa sababu madaktari walijifunza kuitoa tezi yenyewe.

Hapa nisimame kidogo, maana watu wengi wanachanganya. Ule uvimbe wa kawaida wa uzeeni SIO saratani. Siku hizi hatutoi korodani kwa uvimbe wa kawaida. Kuna vidonge, na vikishindwa kuna operesheni ya kupunguza tezi, mara nyingi kwa kupitia njia ya mkojo. Kwa hiyo mkiambiwa habari ya korodani, swali la kwanza ni hili: je, ni saratani, na imethibitishwa kwa kuchukua kinyama? Kuuliza hivyo sio ujeuri. Wakati mwingine hali ni mbaya kiasi kwamba daktari anaanza matibabu kabla ya majibu ya kinyama, lakini hata hapo ana wajibu wa kuwaeleza sababu.

Sasa tuje kwa mtu mwenyewe wa leo, Charles Huggins. Alizaliwa Kanada mwaka 1901, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Chicago. Alikuwa anachunguza majimaji ya tezi dume kwa kutumia mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wachache ambao tezi yao huvimba wakizeeka, kama binadamu. Akaona mbwa akitolewa korodani, majimaji yanakauka. Akichomwa homoni ya kiume, yanarudi. Na mbwa wazee waliokuwa na uvimbe, uvimbe ukapungua.

Kumbe ile tezi inaishi kwa chakula kinachotoka kwenye korodani! Chakula hicho ni testosteroni.

Mwaka 1941 Huggins na mwenzake Clarence Hodges wakatoa matokeo kwa wanaume wenye saratani iliyosambaa. Walipima kwenye damu kemikali moja ambayo hupanda saratani ya tezi ikifika kwenye mifupa. Korodani zikitolewa, au mgonjwa akipewa homoni ya kike, kemikali ilishuka. Akipewa homoni ya kiume, ilipanda. Na wagonjwa waliokuwa wanalia usiku kwa maumivu ya mifupa, kuna waliopata nafuu ndani ya siku chache. Hilo la maumivu nimeliona kwa macho yangu wodini, na ndilo linanifanya niandike.

Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Miaka 25 baadaye, jamani.

Watu walitafuta njia ya kukwepa kisu. Kulikuwa na kidonge cha homoni ya kike kilichotengenezwa Uingereza mwaka 1938. Kilishusha testosteroni vizuri, lakini wanaume waliota maziwa, na dozi kubwa ikaleta vifo vya moyo na damu kuganda. Akina mama, hili linatuhusu: kidonge hicho hicho walipewa wajawazito huko Marekani na Ulaya, eti kuzuia mimba kutoka. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakaonyesha kuwa baadhi ya mabinti waliozaliwa na mama hao wamepata saratani adimu ya uke.

Mwaka huo huo wa 1971 watafiti wawili walioshindana kwa miaka mingi, Andrew Schally kwa kutumia bongo za nguruwe na Roger Guillemin kwa bongo za kondoo, walifumbua homoni ya ubongoni inayoanzisha amri kwa korodani. Nobel yao ilikuwa 1977. Kutokana na hapo, miaka ya 1980 zikatoka sindano zinazozima korodani bila kuzitoa.

Kwa hiyo sindano na operesheni zinafanya kazi moja. Zote zinaleta joto la ghafla mwilini (sisi wa ukomo wa hedhi tunalijua), hamu ya tendo inaisha, mifupa inadhoofika. Tofauti iko hapa. Sindano ni ya kila mwezi au kila miezi mitatu, mwaka baada ya mwaka, na hela ikikosekana ugonjwa unaamka. Tena nyingi ya sindano hizi hupandisha testosteroni kwanza kwa wiki moja mbili, ndiyo maana mgonjwa hutangulizwa vidonge. Msiviruke. Operesheni ni mara moja, inaweza kufanyika kwa ganzi tu, na testosteroni inashuka ndani ya siku moja. Kuna pia namna ya kutoa nyama ya ndani na kuacha ganda, ili mzee asibaki mtupu. Ulizeni kama inafanyika hapo mlipo.

Zote mbili haziponyeshi kabisa saratani iliyosambaa. Zinaizuia, kwa wengine miezi, kwa wengine miaka, kisha dawa nyingine zinaongezwa. Na saratani iliyokamatwa ikiwa bado ndani ya tezi ina njia zake, kutoa tezi au mionzi.

Kama mume bado ni kijana na mnataka mtoto, semeni KABLA ya kusaini fomu.

Sehemu ya 4 ni kipimo cha damu cha PSA, na kwa nini mtu aliyehusika kuigundua alikuja kukilalamikia.