Hawala: Deni Lililovuka Bahari Hadi Eastleigh

Chukua mfanyabiashara wa vitambaa katika First Avenue, Eastleigh, anayetaka kulipia shehena iliyoko Dubai. Huko Dubai nako yuko kijana anayetaka mamake mzazi, mkazi wa Eastleigh, apate kodi ya nyumba. Kijana anampa wakala wa Dubai fedha, na wakala anamlipa mwenye shehena. Mwenzake wa Nairobi, aliyekwisha kupokea shilingi za mfanyabiashara, anamhesabia yule mama fedha zake. Hakuna noti hata moja iliyosafiri. Kilichohama ni deni: hiyo ndiyo hawala.

Sheria yake ni ya kale. Katika Sahihi ya Bukhari mna mlango mzima wa hawala, na humo Abu Huraira anapokea kwa Mtume kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhuluma, na anayeelekezwa kwa mwenye uwezo wa kulipa akubali. Wanafikihi wakajenga juu ya hapo. Kwa madhehebu ya Washafii, ambao ndio wengi Pwani na Somalia, madeni mawili sharti yalingane kwa aina, kiasi na muda. Anayehamisha na mdai waridhie; mdaiwa mpya haulizwi, kwani kwake kumlipa huyu au yule ni mamoja. Deni likishahama, la kwanza limekufa: mdaiwa mpya akifilisika, mdai hana pa kurudi. Wahanafi hawakubali ukali huo. Wao hudai ridhaa ya mdaiwa mpya, na akifa mufilisi, mdai humrudia wa kwanza.

Yule mama, hata hivyo, hakuwa akimdai mtu. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa leo huiita huduma anayopata uwakala wenye ujira. Deni halisi hubaki kati ya mawakala wawili, nao hulisawazisha kwa bidhaa.

Kufungamanishwa huku kwa pesa na bidhaa kulianza kabla ya vita vya Somalia. Miaka ya 1970, Wasomali waliofanya kazi Ghuba waliwakabidhi wafanyabiashara mishahara yao. Bidhaa zikanunuliwa, zikauzwa Somalia, na jamaa wakalipwa kutokana na mauzo. Siad Barre, mtawala wa Somalia, alipoanguka Januari 1991, wakimbizi walimiminika Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao kwa miongo mingi ulikuwa na Waasia na Wasomali wa Kenya. Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni, ikageuka soko: chumba kilichokuwa malazi usiku kilikuwa duka mchana. Benki haikuwa na la kumwambia mtu asiye na kitambulisho. Redio za mawasiliano zilipeleka majina na kiasi, na anayemjua mpokeaji alithibitisha ukoo wake. Naamini mji wa Nairobi haujaukiri vya kutosha mchango wa redio hizo katika maghorofa yanayoonekana leo.

Novemba 7, 2001, Marekani ilifunga al-Barakaat, kampuni kubwa ya Kisomali ya kutuma fedha, ikiituhumu kufadhili ugaidi. Wachunguzi wa tume ya mashambulizi ya Septemba 11 baadaye hawakupata ushahidi wa kuihusisha na ufadhili wa mashambulizi yale. Kenya nayo ilitunga kanuni za utumaji fedha mwaka 2013, kampuni zikaomba leseni Benki Kuu. Kisha ikaja Aprili 2, 2015: watu 148 waliuawa katika shambulio la kigaidi kwenye Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye, kwa hofu ya ufadhili wa ugaidi, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala.

Uchungu wa Garissa ulikuwa wa nchi nzima, wakazi wa Eastleigh wakiwamo. Lakini amri ile ilimwangukia kwanza mjane anayesubiri karo kutoka ng'ambo, na hilo lilikuwa kosa. Kampuni ziliruhusiwa kurejea kazini Juni mwaka huohuo. Katika miezi ile, kwa mtazamo wa fikihi, pesa iliyokwisha kupokewa London au Dubai na isiyolipwa Nairobi haikuwa imefutika. Wakala aliyeipokea alibaki na amana ya mtu mkononi, mlango wa duka ukiwa wazi au umefungwa.