Ua la Muwa

Ukitoka Macalder, msomaji, ukapita mji wa Migori na kushika njia ya kaskazini iendayo Rongo, utafika Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha Sony kilianzishwa mwaka wa 1979. Nyuma yako umeacha nchi iliyojulikana kwa machimbo ya dhahabu na shaba. Hapa utajiri umo ndani ya mashina. Majani hutengeneza sukari kwa nuru ya jua, na ile isiyohitajiwa kwa kukua huwekwa akiba katika pingili, kuanzia za chini.

Itazame miwa iliyotoa suke kileleni. Yapendeza, lakini mkulima hafurahi. Muwa uliochanua haurefuki tena. Ukikatwa mapema, akiba yake bado nzima; ukicheleweshwa shambani, vichipukizi huota ubavuni vikaila sukari ile, na kiini hukauka kikawa kama sifongo. Kwa hakika, muwa haukuiweka sukari kwa ajili ya chai yetu! Ndiyo maana wakulima hupendelea aina zisizochanua sana, nao hupanda vipande vya shina, si mbegu.

Mbegu zenyewe ni ndogo mno, na kwa muda mrefu watu wengi waliamini kuwa hazioti. Mwaka wa 1888, katika kisiwa cha Barbados, J. B. Harrison na J. R. Bovell walithibitisha kwamba huota. Hapo mambo yakageuka, kwa kuwa kipande cha shina hurudia mamaye tu, pamoja na udhaifu wake mbele ya maradhi, bali kila mche wa mbegu huja na tabia zake.

Huko Coimbatore, kusini mwa India, kituo cha kuzalisha miwa kilifunguliwa mwaka wa 1912. Wataalamu waliuzalisha muwa mnene, wenye sukari nyingi, pamoja na muwa-mwitu, mwembamba na mgumu, usio na utamu wa maana. Mwaka wa 1918 wakatoa aina ya Co 205. Herufi hizo ni za Coimbatore. Nduguye, Co 421, alivuka bahari akaenea katika mashamba ya Kenya, na wengi wamemkata kwa panga pasipo kujua asili ya jina lake.

Siku hizi Kenya ina aina zake yenyewe, ziitwazo KEN. Kazi ya kuchavusha hufanywa Mtwapa, pwani, ambako miwa huchanua vizuri. Huko mtaalamu hulingojea kwa hamu suke lile lile ambalo mkulima wa Awendo hulitazama kwa uchungu.