Mtoto Hapimwi Akili

Mzazi wa Igoma, Mwanza, akiambiwa kwenye geti la shule, "Mama, huyu mtoto akapimwe akili," hasikii ushauri wa kitaalamu. Anasikia tusi. Tanzania nzima inajua safari ya kupimwa akili inaishia wapi: Dodoma, katika hospitali iliyoanzishwa mwaka 1927, ambayo nyaraka huiandika Mirembe na wananchi wengi huiita Milembe. Mwalimu alitaka tu kujua kwa nini mtoto wa darasa la tatu hafiki mwisho wa sentensi. Mama anarudi nyumbani akiamini mwanawe ameitwa kichaa, na kwenye uchunguzi hampeleki ng'o.

Mwalimu hana kosa. Alipewa neno bovu. "Upimaji wa akili" limezagaa kwenye semina na vipeperushi, na kila likiguswa hutokea mjuzi wa kulitetea kwamba limeshazoeleka. Malaria nayo imezoeleka.

Litazamwe neno lenyewe. Pima, kabla ya kuwa kazi ya daktari, ni nomino: urefu wa dhiraa 4, kadiri ya mikono miwili iliyotandazwa. Kinachopimwa huwa ni kitu kimoja, na jibu lake ni kiasi: kimo, uzito, kina cha maji. Akili ilitoka Uarabuni, na mzizi wake ndio uliozaa jina la kamba ya kumfunga ngamia miguu asitoroke. Ilipofika pwani ikabeba uerevu, utimamu na hila kwa pamoja. Mwenye kuunganisha maneno hayo mawili na kuyaita istilahi ameahidi kumpimia mzazi vitu vitatu kwa futi moja.

Wapo waliokimbilia "tathmini". Mzizi wake ni thamani, na mwenye nyumba aliyewahi kupisha ujenzi wa barabara anajua vizuri tathmini huja kufanya nini. Wapo pia wa "saikometria", neno lisilo na kosa lolote la kisarufi na lisilomwambia lolote mkazi wa Igoma.

Neno linalofaa limo kamusini tangu zamani: upambanuzi. Pambana ni kukutana uso kwa uso, kukabiliana, kushikana. Likipata kiambishi cha kutengua, kile kinachofanya funga iwe fungua na kunja iwe kunjua, linakuwa pambanua: kutenganisha vilivyoshikamana hadi kila kimoja kionekane peke yake. Mwandishi wa makala haya alilipeleka mbele ya kikao kimoja cha istilahi, ambacho staha inazuia kukitaja, akajibiwa kuwa ni "la kifasihi mno". Usonji nalo lilikuwa geni masikioni. Leo wazazi na watangazaji wa redio wanalisema bila kufungua kamusi, na hakuna aliyelalamikia ushairi wake.

Kazi yenyewe ndiyo inayolidai neno hili. Mwaka 1877 tabibu Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza hali aliyoiita upofu wa maneno, na mwaka 1887 daktari wa macho Rudolf Berlin akaipa jina la Kigiriki, disleksia. (Hilo libaki lilivyo; si kila mgeni afukuzwe.) Mwaka 1896 Pringle Morgan wa Uingereza akaandika habari za Percy, mvulana wa miaka 14 asiyeweza kusoma ingawa macho yake yalikuwa mazima. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Kutoliona fumbo la Percy ndiko kunakozaa vilaza wa kubandikwa.

Sasa irudiwe Igoma, njia ya Musoma, ambako Kisukuma na Kikurya hukutana dawati moja. Kisukuma asilia hakina r, Kikurya hakina l. Mmoja ataandika "balua", mwenziwe "kurara". Mpimaji mwenye karatasi yake atahesabu makosa na kuwaona wote wawili wana kasoro ya kusoma, kumbe kila mmoja ameandika anachokisikia nyumbani. Tena Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, na katika lugha za namna hiyo disleksia hujitokeza zaidi kwa kusoma polepole kuliko kwa kukosea herufi. Karatasi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza inawinda makosa, haina habari na mwendo.

Na namba je? Majaribio ya David Wechsler kwa watoto, yaliyotoka mwaka 1949, yana sehemu ya kurudia namba zilizotajwa. Kwa Kiingereza, kuanzia 1 hadi 9, ni 7 pekee yenye silabi 2. Kwa Kiswahili zote zina silabi 2. Watafiti walionyesha mwaka 1980 kwamba watoto wa Wales walipata alama pungufu kwa sababu namba za Kiwelisi huchukua muda zaidi kutamka. Robert Serpell naye mwaka 1979 alieleza kuwa watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza kunakili maumbo kwa waya, wakashindwa kwa kalamu, wakalingana kwa udongo. Ni akili ya nani hapo iliyopimwa?

Mtukutu asiyetulia ana mafundo yake pia: njaa, usingizi, masikio yenye usaha, darasa lililofurika, au kweli upungufu wa umakini. Yote hupambana ndani ya mtoto mmoja.

Upimaji usifutwe. Ule wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili ni upimaji halali, kwa sababu unasema mtoto anasoma kiasi gani. Kwa nini hasomi ni swali la upambanuzi.

Kuhusu matumizi: mtoto hupambanuliwa ujifunzaji wake, anayeifanya kazi hiyo ni mpambanuzi, na ianze kwa macho na masikio. Wanaochapa fomu za rufaa za shule wafute "kupimwa akili" katika toleo lijalo. Hawahitaji kusubiri kikao chochote.