Kuurudia Mtihani wa CPA Ukiwa Kazini: Anza na Kalenda

Katika ofisi nyingi za hapa Pwani, iwe ni za kusafirisha mizigo bandarini, hoteli za ufuoni au idara za fedha za kaunti, yuko mtu mmoja anayezijua hesabu zote za pale. Ndiye anayeulizwa hati ya malipo iko wapi, na ndiye anayeketi na wakaguzi wakija. Lakini nafasi ya mhasibu mkuu ikitangazwa, tangazo lataka CPA, naye ana diploma. Nafasi anapewa kijana wa miaka 28, kisha yeye ndiye anayeambiwa amfundishe kazi.

Wengi wa watu hawa waliwahi kuianza CPA wakaiacha njiani. Si kwamba akili iliwakataa. Walijipangia mtihani kama wanafunzi wasio na kazi wala watoto, ukawashinda. Makala haya ni kwa anayetaka kurudi.

Mtihani wenyewe

CPA husimamiwa na Kasneb, bodi iliyoundwa mwaka 1969. Kwa mtaala uliopitiwa upya mwaka 2021, mtihani una ngazi tatu. Ngazi ya msingi ina karatasi sita: uhasibu wa fedha, stadi za mawasiliano, utangulizi wa sheria na utawala, uchumi, hesabu za takwimu, na teknolojia ya habari. Ngazi ya kati nayo ina sita: sheria ya kampuni, usimamizi wa fedha, taarifa za fedha na uchambuzi wake, ukaguzi wa hesabu, uhasibu wa usimamizi, na fedha za umma na kodi. Ngazi ya juu huzama zaidi, na mtahiniwa huchagua eneo la kubobea. Alama ya kupita ni asilimia 50.

Anayeanza upya anatakiwa awe na wastani wa C+ katika KCSE, au awe amemaliza diploma ya Kasneb ya ufundi wa uhasibu, yaani ATD. Kwa hivyo aliyepata chini ya C+ shuleni hajafungiwa mlango. Atapitia ATD kwanza.

Kwa aliyeacha njiani

Usajili wa mwanafunzi hulipiwa upya kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Julai. Ukikaa miaka bila kulipa, deni hukungoja. Basi jambo la kwanza si kununua vitabu. Fungua akaunti yako ya Kasneb, ujue unadaiwa kiasi gani, na uulize karatasi ulizopita zamani zinahesabiwa vipi katika mtaala wa sasa. Mwenye digrii ya biashara naye aombe mapema kusamehewa karatasi alizokwishasoma. Majibu hayo yawe ya maandishi, usitegemee maneno ya mtu wa darasani.

Daftari la zamani halifai

Waliosoma kabla ya 2015 walisoma Sheria ya Kampuni, Sura ya 486. Hiyo ilishaondolewa, ikaja Sheria ya Kampuni ya 2015. Tangu Januari 2019, kiwango cha IFRS 16 kinamtaka mpangaji aingize mikataba mingi ya kukodi kwenye mizania, kama mali na kama deni. Zamani kodi ya jengo iliandikwa kama gharama tu. Makato ya mshahara nayo yamegeuka: NHIF imekwenda, sasa ni asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, na asilimia 1.5 ya nyumba. Na kuanzia Januari 2027, IFRS 18 inachukua nafasi ya IAS 1 katika mpangilio wa taarifa za fedha.

Hapa pana mtego kwa mwenye uzoefu. Mtihani hauulizi ofisini kwenu mnafanyaje. Unauliza kiwango kinasema nini. Aliyezoea njia ya mkato ya bosi wake ataiandika kwa kujiamini, na atakosa alama.

Kikao kipi?

Kasneb hufanya mitihani mwezi wa Aprili, Agosti na Desemba. Mfanyakazi asijisajili kwa sababu wenzake wamejisajili. Atazame kazi yake.

Mfanyakazi wa kaunti hufunga mwaka tarehe 30 Juni, na taarifa za fedha lazima zimfikie Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu. Julai hadi Septemba halali. Mtihani wa Agosti kwake ni kutupa ada. Wa kampuni inayofunga Desemba ana pilika za hoteli na za kufunga vitabu mwezi huohuo. Kwake Agosti ndiyo nafuu, baada ya marejesho ya kodi ya Juni. Na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, miezi ya kujiandaa kwa Aprili. Baadhi yetu husoma vizuri baada ya daku. Wengine tarawehe na kazi hutumaliza. Kila mtu anajijua.

Karatasi mbili kwa kikao zinatosha. Vikao viwili kwa mwaka ni karatasi nne. Ngazi mbili za mwanzo zenye karatasi 12 zitakwisha kwa miaka mitatu. Aliye na miaka 42 ataigusa ngazi ya juu akiwa na 45, na serikalini kustaafu ni 60. Miaka hiyo mitatu itapita usome usisome.

Suala la riba

Baadhi ya ndugu huacha kwa kuogopa mahesabu ya riba, kwa kuwa hadithi inayojulikana inamtaja hata mwandishi wake. Mahesabu hayo yamo, hasa katika usimamizi wa fedha. Kwa maoni yangu, kujua riba inavyohesabiwa ni jambo moja, na kazi utakayoichukua ni jambo jingine. Hilo la pili mpelekee shekhe unayemwamini. Lakini misikiti yetu, madrasa na mali za wakfu zinahitaji mtu wa kuziwekea vitabu sawasawa. Tukikimbia elimu hii, amana hizo tutamwachia nani?

Mwisho, kumaliza mitihani si mwisho wa safari. Anayetaka kutambuliwa kama mhasibu wa taaluma hujisajili na ICPAK.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usiku wa leo chukua kalenda, utie alama miezi ambayo kazi na familia zinakubana. Iliyobaki ndiyo ya mtihani.